Ukuta wa Kutemea wa Katarniganj

Kwa furaha isiyo na kifani, na kwa mujibu wa waraka ambao wananchi hawakuwa na haja ya kuusoma, wakazi wote wa Katarniganj walitangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu meno ya watoto wao hayatatoboka tena. Tangazo lilisomwa kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya bajaji. Bajaji ikazunguka mji mzima, kuanzia soko la viatu hadi kituo cha reli, ikirudia kwamba Mpango wa Tabasamu Imara umeanza, kwamba kila mwanafunzi wa shule ya msingi atapiga mswaki shuleni kila asubuhi kwa dawa ya meno yenye madini ya floraidi, na kwamba serikali inawapenda.

Aliyeandika tangazo hilo ni Bwana Tribhuvan Nath Khare, Kaimu Mkurugenzi wa Ustawi wa Kinywa wa wilaya. Hayo maneno ya serikali kuwapenda aliyaongeza mwenyewe, na kila bajaji ilipopita chini ya dirisha lake alisimama kuyasikiliza.

Neno la kuangalia hapo ni "kaimu". Khare alikuwa kaimu tangu binti yake aolewe, na sasa binti huyo alikuwa na mtoto darasa la kwanza. Ofisi ilikuwa yake, kazi yake, lawama zake. Kitu kimoja tu hakuwa nacho, nacho ni taulo. Mkurugenzi kamili hutandikiwa taulo jeupe kwenye egemeo la kiti, na mtu akifungua mlango, kabla hajauona uso, ameshaliona taulo na ameshajua ainame kiasi gani. Kaimu huegemea mbao tupu. Khare alikwishajinunulia taulo lake zamani, zito, lenye ukingo wa buluu, akalifungia kwenye droo. Siku ambazo hakuna wageni alilitoa, akalinusa, akalirudisha.

Mpango wa meno haukumtia wasiwasi, maana alikuwa mtu wa mafanikio. Mwaka uliotangulia ndiye aliyemaliza vita vya mate. Wanaume wa Katarniganj walitafuna tambuu kuanzia alfajiri hadi wanapolala, na kuta za mji zilikuwa nyekundu mpaka usawa wa kiuno. Faini ilishindwa. Mabango ya kukataza yalitemewa mpaka hayasomeki. Ndipo Khare akaagiza vigae vyenye picha takatifu: miungu ya Kihindu kama Durga, Hanuman, Lakshmi na Shiva, msikiti wa Makka, msalaba, hekalu la dhahabu la Masingasinga, ili asiwepo raia wa dini yoyote atakayejiona amesahauliwa. Vigae vikabandikwa kila ukuta, usawa ule ule wa kiuno, na waraka ukatoka: ni marufuku kutema kitu chochote mahali popote panapoonekana picha takatifu.

Hakuna aliyethubutu. Kuta zikapona. Wanaume wakawa wanatembea mashavu yamevimba, wakisalimiana kwa nyusi, mpaka wavuke daraja la reli, ambako ni wilaya nyingine, na huko ndiko walikofungulia. Wilaya hiyo nyingine ilileta malalamiko kwa maandishi. Khare aliyaweka kwenye faili la pongezi.

Siku ya pili ya Tabasamu Imara, Mwalimu Sudha Rawat, mkuu wa shule ya msingi ya mtaa wa wafumaji, alipanda ngazi za ofisi akiwa na vumbi la chaki kwenye ukingo wa sari. Alikuwa mwanamke mfupi, na alikuwa na tabia ya kukaa kabla hajaambiwa akae.

"Namaste, Khare-ji. Nina swali moja dogo."

"Maswali madogo ndiyo yanayotuchelewesha, Mwalimu. Haya, uliza."

"Watoto wakishapiga mswaki, wateme wapi?"

"Shule yako ina uwanja."

"Upande wa mashariki yuko Durga. Magharibi yuko Hanuman, na msalaba. Kwenye tangi la maji yuko Lakshmi. Mpaka vyooni mmemweka Shiva. Nikasema basi, tuna mwarobaini pale uani, watemee shinani. Nao mmeupigilia Ganesh. Popote mtoto atakaposimama kuna macho yanamtazama."

"Hayo ndiyo mafanikio ya mradi."

"Hongera. Sasa wateme wapi?"

Khare aliitazama feni ya dari, ambayo humsaidia kufikiri. "Waraka unakataza kutema," alisema. "Kuhusu kumeza, waraka haujasema kitu."

"Dawa ya floraidi haimezwi, Khare-ji. Kazi yake iko juu ya jino, inaligandia na kulipa nguvu lisitoboke, basi. Mtoto anapiga mswaki, anatema povu, hasukutui sana ili ile dawa ibakie kidogo, anaenda zake darasani. Akiimeza kila siku, tumbo litamsumbua. Na yale meno ya ukubwani yanayoota huko ndani ya ufizi yatakuja kutoka na mabaka. Halafu mtoto wa miaka sita anawekewa kiasi cha punje ya njegere. Bango lenu linaonyesha dawa imelala mswaki mzima, kama keki ya harusi."

"Bango limeidhinishwa na makao makuu ya jimbo."

"Makao makuu yana meno mangapi ya utoto?"

Khare alimjua mtu wa aina hiyo. Ni mtu wa kuundiwa kamati. "Nitaunda kamati ndogo kuhusu hiyo njegere," alisema. "Na kwa nia njema tu nikukumbushe, uwanja wa shule ukikutwa na mate, mkuu wa shule anahamishwa. Kuna nafasi kule bondeni mtoni. Mwalimu aliyeko huko, mafuriko yakija, anafundishia juu ya paa."

"Huo ni ushauri au kitisho, bosi?"

"Ni taarifa."

Kamati Ndogo ya Njegere ilikaa siku hiyo hiyo. Wajumbe walitofautiana vikali kama inayozungumzwa ni njegere mbichi au kavu, ya bondeni au ya milimani, na kama ipimwe na ganda lake. Sampuli zikaagizwa kwa gunia. Kwa kuwa hazikuwa na pa kuhifadhiwa, na kwa kuwa karani mkuu, Bwana Mishra, alikuwa na jiko la mafuta ya taa nyuma ya kabati la mafaili, sampuli zilipikwa na viazi na bizari, zikaliwa kwa chapati za moto. Kamati ikaazimia kwamba ushahidi uliopo hautoshi, na bango likabaki lilivyo.

Watoto wa mtaa wa wafumaji wakaanza kumeza. Hawakulazimishwa. Dawa ilikuwa na ladha ya embe, na wengine walipanga foleni mara mbili. Mwalimu Sudha aliwakataza wasimeze. Mkaguzi wa wilaya, aliyesimama chini ya mwarobaini na filimbi, aliwakataza wasiteme. Wiki hiyo mwalimu alileta taarifa kwamba watoto wanashika matumbo na kutapika. Ofisi ya Khare iliisafisha kidogo kabla ya kuipeleka juu: watoto wameupokea mpango kwa undani.

Jioni moja Khare alikuwa barazani kwake, chai mkononi, viatu vipya vya ngozi miguuni, mjukuu wake Ketki, mwanafunzi wa Mwalimu Sudha, alipotoka ndani na kusimama mbele yake. Alikuwa na miaka sita na pengo la meno mawili mbele. Uso ulikuwa umempauka. Khare alimwuliza kuna nini, na Ketki akamjibu kwa kutapika juu ya viatu. Kilichotoka kilikuwa cheupe, chenye povu, na kilinukia embe.

Khare aliogopa. Chai ilimmwagikia mapajani na hakuisikia. Alimbeba mtoto mpaka ndani akimwita mkewe kwa jina, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu wafunge ndoa, na Urmila alikuja mbio, akamwosha Ketki, akamnywesha maziwa polepole na kumlaza kifuani.

"Umekula nini, mama?" Khare aliuliza.

"Dawa ya meno. Tunakula wote."

"Mwalimu hakuwaambia msimeze?"

"Alituambia. Halafu yule mwenye filimbi akasema tusiteme." Ketki alijifuta mdomo. "Nikaona huyo wa filimbi ni mtu wako, Babu."

Urmila alimgeukia mumewe. "Miungu umeijaza mpaka vyooni," alisema. "Sasa mtoto ateme wapi, mzee, kwenye kofia yako?"

"Hili ni suala la utaratibu."

"Basi huo utaratibu uje ufute viatu."

Asubuhi Khare alikwenda shuleni na fundi, Bhola, aliyevibandika vigae vyote vya mji. Nia yake ilikuwa kutoa kimoja tu, kile cha mashariki, bila kelele. Bhola alitoa nyundo kwenye mfuko, akaibusu, akamkabidhi.

"Anza wewe, bosi. Mimi nitafuatia."

Khare aliishika nyundo mbele ya Durga. Durga alikuwa juu ya simba wake, mikono yote imeenea, na kila mkono una silaha. Khare alimrudishia Bhola nyundo, akaomba radhi kwa kigae kwa sauti ya chini, na papo hapo akaagiza jambo jingine: kijengwe kiukuta kipya katikati ya uwanja, kirefu kidogo kuliko mtoto, chenye karo, bomba na tundu la kupitisha maji machafu. Kisiwe na picha yoyote.

Mwalimu Sudha alitoka darasani kuangalia msingi ukichimbwa. "Kitakuwa kitupu kabisa?" aliuliza.

"Kitupu kama kiti changu," alisema Khare, na kwa mara ya kwanza mwalimu akamcheka kwa wema.

Ingeishia hapo kama nchi ingekuwa haina viongozi. Lakini kabla saruji haijakauka, Mishra aliingia ofisini akifunga mlango nyuma yake kwa makalio. Naibu Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Ghanendra Pratap, alikuwa amesikia habari za ukuta na anakuja kuuzindua. Na ilifahamika, alisema Mishra, kwamba mheshimiwa hatembei bila barua za kuthibitisha watu vyeoni.

"Sasa bosi, fikiria. Avute pazia, nyuma ya pazia kuwe na nini? Saruji? Ukuta wa serikali hauna hata sura ya mtu?"

"Ni wa watoto kutemea, Mishra."

"Watatemea. Lakini juu yake tungeweka kigae cha mheshimiwa. Kikubwa. Na masharubu yake yale."

Khare alimfikiria Ketki. Kisha akalifikiria taulo. Akamfikiria Ketki tena, safari hii kwa muda mfupi zaidi, na akasaini.

Mwalimu Sudha alikiona kigae siku Bhola alipokuwa akikisawazisha kwa pima maji. Kilijaza ukuta wote juu ya karo: uso mpana, masharubu yaliyopinda juu, macho ya mtu anayetazama mbali kwenye maendeleo.

"Kwa hiyo huyu naye ni mtakatifu?" aliuliza.

"Ni mheshimiwa."

"Waraka unasema takatifu."

"Mwalimu, tafadhali. Hakuna mtoto atakayeutemea uso wa Naibu Waziri katika wilaya yangu."

"Nilikuomba mahali pa kutema, Khare-ji, ukaniongezea mungu." Alijifunga ncha ya sari kiunoni na kurudi darasani. Khare aliona aibu, aibu ya kweli, na ilimkaa mpaka saa ya chai.

Siku ya uzinduzi Ketki alipangwa wa kwanza kwenye mstari wa watoto watakaopiga mswaki mbele ya mgeni. Khare aliinama akamwekea dawa mwenyewe, punje moja ya njegere, akaisawazisha kwa kidole.

"Halafu niteme wapi, Babu?"

"Shikilia mdomoni mpaka mheshimiwa aondoke."

"Anaongea sana?"

Khare alimrekebisha kola.

Mheshimiwa Ghanendra Pratap alichelewa kwa kiasi kinacholingana na cheo. Alishuka garini, bendi ya harusi iliyokodiwa ikapiga, wakamvika mashada ya maua ya manjano mpaka masikioni. Lakini hakumsalimu mtu kwa mdomo. Alisalimu kwa nyusi. Khare, mtoto wa Katarniganj, alizitambua nyusi hizo mara moja, akayatazama mashavu. Mheshimiwa alikuwa na tambuu mdomoni, tena ile ya kutiwa njiani, tambuu ya safari ndefu, na wakati wake ulikuwa umefika. Kama kiongozi yeyote, alikuwa na imani kwamba popote atakaposhuka katika nchi hii hatakosa ukuta.

Mheshimiwa aliondoka kwenye msafara, akaenda ukuta wa mashariki kwa hatua za haraka. Akamkuta Durga. Akasimama, akakunja mikono, akainama. Akavuka uwanja kwenda magharibi; Hanuman. Akainama. Pembeni yake msalaba, akainama. Umati ukaanza kunong'ona kwamba huyu ni kiongozi mcha Mungu wa kweli, na wapiga picha wakamfuata. Alikwenda nyuma ya vyoo akarudi haraka, ameinama. Alizunguka mwarobaini mara mbili, na wanawake wakadhani anautolea heshima, wakaanza kuuzunguka nyuma yake. Jasho lilikuwa likimtiririka ndani ya maua.

Mstari wa watoto ulikuwa umeshapiga mswaki na umesimama kimya, mashavu yamevimba vivyo hivyo. Naibu Waziri alimtazama Ketki. Ketki akamtazama Naibu Waziri. Walielewana kuliko mtu mwingine yeyote pale uwanjani.

"Sasa," alisema Khare kwenye kipaza sauti, akiiruka hotuba yake yote, "mheshimiwa atavuta kamba."

Mheshimiwa aligeuka akaliona karo. Jipya, jeupe, na bomba lake, na tundu lake. Juu yake pazia la njano, na ukutani kote hapakuwa na mungu hata mmoja. Machozi yalimlengalenga. Alikwenda kwa mwendo ambao haukuwa wa kiserikali, akaikamata kamba, na pazia likaanguka wakati ule ule ambao mdomo ulikataa kusubiri.

Tambuu yote ilitoka. Ilimpata mheshimiwa wa kwenye kigae katikati ya nyusi, ikateremka puani, ikagawanyika kwenye masharubu na kudondokea karoni. Bendi ikanyamaza katikati ya wimbo.

Ketki alitoka kwenye mstari. Alisogea mpaka kwenye karo, akapanda kwenye jiwe, akatema povu lake jeupe juu ya wekundu, akajifuta kwa mkono.

"Babu," alisema, na uwanja mzima ukasikia. "Kumbe hapa ruhusa."

Wenzake wakamfuata, mmoja baada ya mwingine, kwa nidhamu ambayo mkaguzi mwenye filimbi hakuwahi kuipata.

Mdomo ukiwa mtupu hatimaye, Naibu Waziri aliweza kusema. "Nani amebandika..." alianza, akakoma. Kamera zilikuwa usoni kwake. Waraka wa mate ulikuwa umening'inizwa pale pale. Akisema uso ule ni wa kuheshimiwa, mkosaji wa kwanza ni yeye. Akisema si wa kuheshimiwa, itabidi aseme hivyo mbele ya waandishi wa habari. Alimgeukia Khare, na katika macho yake Khare aliiona shule ya bondeni mtoni, ile ya juu ya paa.

Hapo ndipo utumishi wa muda mrefu ulipomfaa. Maneno yalimjia yenyewe, yamepangika kama kwenye faili.

"Ndugu wananchi," alisema Khare, "mheshimiwa ameuzindua rasmi Ukuta wa Kutemea, kwa vitendo. Viongozi wengine hutoa fedha. Huyu ametoa uso wake, ili watoto wenu wateme dawa badala ya kuimeza."

Mwalimu Sudha alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Alipiga kwa nguvu, akimtazama mheshimiwa machoni, mpaka watu wote wakapiga.

"Naam," alisema Naibu Waziri. "Hiyo ndiyo ilikuwa nia." Kidevu kilikuwa chekundu. "Nipeni kitambaa."

Hakuna aliyekuwa na kitambaa. Khare alifungua mkoba wake, ambamo kwa ajili ya matumaini ya siku hiyo alikuwa amelikunja taulo. Mikono ilikataa kidogo. Kisha akalitoa, zito, jeupe, lenye ukingo wa buluu, akamkabidhi mheshimiwa ajifute.

Magazeti yaliandika kwa wiki nzima kuhusu kiongozi mnyenyekevu. Makao makuu ya jimbo, ambayo hayapendi kupitwa, yaliamuru kila shule ya msingi ijengewe ukuta kama huo, karo kama hilo, na kigae kile kile, cha ukubwa ule ule. Khare hakuweza kuadhibiwa kwa jambo ambalo mheshimiwa alikuwa amekwisha kulitangaza kuwa nia yake, kwa hiyo ilibidi apandishwe. Mwalimu Sudha alipanda juu ya kiti darasani na kuchora njegere ya kijani juu ya bango lililoidhinishwa, na hakuna aliyemhamisha, kwa kuwa shule yake sasa ilikuwa ya mfano. Matumbo ya watoto yalitulia.

Urmila alilifua taulo kwa kila sabuni ya sokoni. Lilirudi la waridi, na la waridi likabaki. Ndilo linaloning'inia kwenye kiti cha Mkurugenzi kamili wa Ustawi wa Kinywa. Wageni hawajawahi kuona taulo la rangi hiyo; hudhani ni la cheo cha juu zaidi, na huinama kupita kawaida.

Kabla ya uchaguzi, Naibu Waziri aliandika kwa heshima akiomba vigae vyake viondolewe katika kuta zote za kutemea za wilaya. Jibu lilikuwa fupi: kuondoa picha ya kiongozi kwenye ukuta wa serikali ni kosa, na aliyeomba anashauriwa asirudie. Khare alilisaini, akaliegemea taulo lake la waridi, akatoka kumchukua mjukuu wake shuleni.

Ketki ameshaota yale meno mawili ya mbele, na hayana doa. Kila asubuhi anaweka punje yake ya njegere, anapiga mswaki pole pole, anarudi hatua moja nyuma ya karo, anafumba jicho moja, na kulenga masharubu.